Kumwona Korongo Ruma: Jinsi Kikundi Kinavyoweza Kupanga Safari ya Siku Moja

Vikundi vingi vya hapa Kisii na Nyamira vimezoea safari za mafunzo. Tumeenda kuona ng'ombe wa maziwa, tumeenda kuona migomba ya kisasa, tumeenda kuona wenzetu wakifuga samaki. Lakini mtu akisimama mkutanoni na kusema, "Safari hii twende tukaone wanyama wa porini," wengi hucheka. Ati pesa za kikundi ziende kwa swala? Si hizo ni safari za watalii na watoto wa shule?

Swali hilo si baya. Pesa za kikundi ni jasho la wanachama, na kila shilingi lazima ijieleze. Kwa hivyo katika ukurasa huu tunataka kulijibu, halafu tueleze hatua kwa hatua jinsi ya kupanga safari kama hiyo. Jibu letu kwa ufupi ni hili: safari ya mbugani huwa na faida ikipangwa kama mradi. Ikipangwa kama sherehe, kitakachobaki ni picha kwenye simu na deni kwa mweka hazina.

TWENDE WAPI?

Kaunti zetu mbili hazina mbuga ya kitaifa hata moja. Ardhi yetu ni ndogo na watu ni wengi. Wanyama wakubwa walitoweka hapa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Hata hivyo, majina yao bado yamo katika koo zetu. Waulizeni wazee. Kuna ukoo unaomheshimu engo, yaani chui. Kuna wa enchage, ambaye ni pundamilia. Kuna wa engubo, ndiye kiboko, na wa enchogu, ndiye ndovu. Mtoto wa siku hizi anaweza kumtaja mnyama wa ukoo wake, lakini hajamwona ila kitabuni. Na si mtoto tu, hata baba yake!

Kutoka hapa kwetu, kikundi kina njia kama tatu:

1. Maasai Mara. Iko karibu nasi kwa upande wa Kilgoris na ina wanyama wengi mno. Lakini ni kubwa sana, na siku moja huishia barabarani. Gharama yake pia iko juu.

2. Hifadhi ya Impala ya Kisumu. Ilianzishwa mwaka 1992, iko kando ya ziwa na ni ndogo sana, haifiki hata nusu ya kilomita mraba moja. Unatembea kwa miguu. Inafaa watoto wadogo na wazee wasioweza kukaa garini siku nzima.

3. Mbuga ya Kitaifa ya Ruma. Iko Kaunti ya Homa Bay, katika bonde la Lambwe, na ukubwa wake ni kilomita mraba 120. Si kubwa hata ikushinde kwa siku moja, wala si ndogo hata uone kila kitu kwa saa moja. Watalii wa kigeni hawajazana huko. Ni mbuga ya kitaifa iliyo jirani yetu.

Kwa kikundi cha watu wazima wanaotaka kujifunza, sisi tunapendekeza Ruma. Na sababu kubwa ni mnyama mmoja.

KORONGO NI NANI?

Korongo ni mnyama wa jamii ya swala, lakini ni mkubwa, karibu kama farasi. Uzito wake unaweza kufika kilo 250 na zaidi. Uso wake una rangi nyeusi na nyeupe kama aliyevaa kinyago. Masikio yake ni marefu na yana kishungi cha nywele nchani, na pembe zake zimepinda kurudi nyuma. Dume ana pembe na jike pia ana pembe. Hupenda mahali penye nyasi ndefu.

Zamani korongo walikuwepo sehemu mbalimbali za Kenya, hata upande wa Mara. Leo wamebaki mahali pamoja tu, nako ni Ruma. Serikali ilipohesabu wanyamapori nchi nzima mwaka 2021, korongo walikuwa 15. Soma tena: kumi na watano, Kenya nzima. Kikundi chenu pengine kina wanachama wengi kuliko hao.

Ilikuwaje wakapungua hivyo? Hakuna aliyeamka siku moja akaamua kuwamaliza. Nyasi ndefu ziligeuzwa mashamba kidogo kidogo. Mtu mmoja alitega waya akapata kitoweo, jirani akaona, naye akatega wake. Walipobaki wachache, fisi na chui wakipata ndama mmoja tu, hasara ni kubwa. Hili ndilo somo la kwanza la safari. Kitu kinaweza kuisha mbele ya macho ya watu wazuri, wasio na nia mbaya, kwa sababu tu kila mmoja alichukua kidogo.

Bonde la Lambwe lenyewe lina historia yake. Kwa miaka mingi watu waliogopa kukaa huko kwa sababu ya mbung'o, yule nzi anayeleta malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Hofu hiyo ilisaidia kuwabakiza wanyama. Mwaka 1966 sehemu hiyo ilifanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikawa mbuga ya kitaifa, hasa kwa ajili ya korongo.

Mbali na korongo, kuna twiga wenye miguu myeupe chini ya goti kama waliovaa soksi. Kuna pundamilia, nyati, nyamera, kongoni, tohe na taya, ambaye ni swala mdogo sana. Mwaka 2012 vifaru weusi waliletwa kutoka shamba la Mugie huko Laikipia, na vifaru weupe pia wapo. Chui yupo, lakini ni mjanja, msimtegemee. Kati ya miezi ya Aprili na Septemba huja mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayezaliana nchi za kusini na kuja huku kwa sababu ya nyasi. Msitarajie simba wala ndovu. Waambieni wanachama mapema, ili mtu asirudi akinung'unika kwamba alidanganywa.

HATUA YA KWANZA: KUBALIANENI MNAENDA KUFANYA NINI

Kabla ya kuzungumza pesa, kaeni na mjibu swali moja: tukirudi, tunataka kujua nini ambacho leo hatujui? Andikeni maswali matatu au manne katika kitabu cha kikundi. Kwa mfano:

- Wanaoishi kando ya mbuga hupata faida gani, na hupata hasara gani?
- Askari wa mbuga huzuiaje mitego ya waya?
- Nyasi na miti vinatunzwaje ili mito isikauke?
- Je, kikundi kama chetu kinaweza kupata kazi halali kutokana na wageni?

Mgawieni kila swali mtu wa kuliuliza na mtu wa kuandika jibu. Msimwachie katibu kila kitu. Mama asiyejua kuandika anaweza kuuliza vizuri kuliko wote, na kijana wake akaandika.

HATUA YA PILI: SIKU

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama. Hatuwezi kwenda wakati wa kupanda wala wakati shule zinafunguliwa, maana mfuko huwa mtupu. Mwezi wa kumi wakulima wa majani chai hupata bonasi, pesa zipo, lakini mvua ya vuli nayo inaanza. Udongo wa Lambwe ni mweusi na unanata. Ukilowa, basi la abiria halitoki. Miezi ya Machi hadi Mei ndiyo mibaya zaidi. Januari na Februari ni mikavu, lakini karo imemaliza watu. Kwa vikundi vingi vya kwetu, Julai na Agosti ni nafuu: mvua imepungua, na mkitaka kwenda na watoto, Agosti shule zimefungwa.

Halafu kuna jambo la ibada. Katika kikundi kimoja utakuta wanaosali Jumamosi na wanaosali Jumapili. Msichague siku itakayomfanya mwenzenu achague kati ya safari na Sabato yake. Chagueni siku ya katikati ya wiki, mapema, na iandikwe.

HATUA YA TATU: PESA

Msiguse pesa za mzunguko. Msiguse pesa za mikopo. Fungueni ukurasa wao wenyewe katika kitabu, uandikwe SAFARI, na kila anayetoa apewe risiti hata kama ni shilingi hamsini.

Gharama za safari ni za aina mbili, na ni vizuri kila mwanachama azielewe. Kuna gharama isiyobadilika: kukodi gari na kiingilio cha gari. Mkienda 10 au 25, bei ni ile ile. Kuna gharama ya kila mtu: kiingilio chake, chakula chake na maji yake.

Wacha tuchukue mfano. Hizi si bei halisi, ni hesabu ya kujifunzia tu. Tuseme gari na kiingilio chake ni shilingi 30,000, na gharama ya kila mtu ni shilingi 800.

Wakienda watu 25: 30,000 kujumlisha (25 mara 800 = 20,000) ni 50,000. Kila mtu ni shilingi 2,000.

Sasa watu watano wajitoe dakika ya mwisho. Wakienda watu 20: 30,000 kujumlisha (20 mara 800 = 16,000) ni 46,000. Kila mtu ni shilingi 2,300.

Mmeona? Waliojitoa wamewaongezea wenzao shilingi 300 kila mmoja. Hapo ndipo ugomvi huanzia, na tumeona kikundi kikivunjika kwa jambo dogo kama hilo. Dawa yake ni kupitisha azimio mapema: anayejitoa ikiwa imebaki wiki mbili, sehemu yake ya gari hairudishwi, isipokuwa kuna ugonjwa au msiba. Liandikwe, lisomwe kwa sauti, watu watie sahihi au kidole gumba.

Shilingi 2,000 kwa mara moja ni nyingi. Lakini shilingi 100 kwa wiki, kwa wiki 20, ni hizo hizo 2,000. Kwa hivyo anayetaka kwenda mwezi wa nane aanze kuchangia mwezi wa tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Na yule mjane au mzee asiyeweza hata hiyo mia, kikundi kiamue waziwazi kama kitamsaidia, na kwa kiasi gani. Asiachwe kuomba mmoja mmoja.

Viingilio vya mbuga hubadilika. Raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko mgeni, na mtoto hulipa kidogo kuliko mtu mzima. Gari nalo hulipiwa kulingana na viti vyake. Kabla ya kuweka bajeti, mtumeni mtu aulize ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), kisha aulize tena wiki moja kabla ya safari. Jambo muhimu: langoni hawapokei pesa mkononi. Malipo ni kwa njia ya eCitizen, kwa simu. Mweka hazina aende na simu yenye chaji na pesa tayari, na watu wazima wote wabebe vitambulisho. Mtu asikubali kumpa pesa yeyote anayesema "atawapitisha".

HATUA YA NNE: GARI NA NJIA

Kutoka mji wa Kisii mnashika barabara ya Rongo, kisha mnakwenda Homa Bay. Kutoka Homa Bay mnaifuata barabara ya Mbita kwa kilomita kama 12 hadi kwenye kibao cha mbuga. Mnakata hapo na kwenda kilomita kama 11 hadi lango la Kamato. Wa Nyamira waongeze muda wa kufika Kisii. Wekeni saa mbili na nusu hadi tatu kutoka Kisii mjini, maana gari la kikundi haliendi kama la mtu binafsi. Kuna mama wa kushukishwa, kuna aliyesahau dawa, kuna wa kununua maji.

Mkikodi matatu au basi, hakikisheni mambo manne: lina bima inayotumika, lina kibali cha kwenda nje ya njia yake ya kila siku, lina mikanda kwa kila kiti, na dereva hakulala barabarani usiku uliotangulia. Idadi ya watu isizidi viti. Yule "wa kubebwa mapajani" msimkubali, hata kama ni mpwa wa mwenyekiti. Andikeni makubaliano na mwenye gari: bei, saa ya kuondoka, nani analipa mafuta, na nani atalipa gari likiharibika njiani. Lipeni sehemu kwanza, nyingine mkirudi.

HATUA YA TANO: AFYA

Watu wataulizana kuhusu malale, na ni haki yao. Ukweli ni huu: mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kupatikana hapa nchini alionekana mwaka 2009, na mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kiasi kwamba si tatizo tena la afya ya umma. Kazi hiyo haikufanyika kwa bahati. Ni mitego, ni dawa, ni kupima watu na mifugo miaka mingi. Lakini mbung'o bado wako, na wanauma mchana, tena wanauma kweli. Kwa hivyo:

- Msivae nguo za buluu wala nyeusi. Rangi hizo humvuta mbung'o, ndiyo maana hata mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Vaeni rangi ya udongo au kijani kilichopauka, mikono mirefu, na suruali au sketi ndefu. Kama sare ya kikundi ni ya buluu, iacheni nyumbani siku hiyo.
- Wakianza kuingia, fungeni madirisha.
- Kabla ya kutoka mbugani, kagueni gari lisibebe nzi.

Malaria nayo. Sisi wa milimani hatujazoea malaria kama ndugu zetu wa kando ya ziwa, na ikitupata hutulaza haraka. Mbu wake huuma usiku, kwa hivyo safari ya mchana haina hatari kubwa mkirudi mapema. Lakini mtu akipata homa katika wiki mbili baada ya safari, asinunue panadol dukani akakaa. Aende zahanati apimwe, na amwambie mhudumu kwamba alikuwa Lambwe.

Bonde hilo lina joto kuliko kwetu. Wenye presha, sukari na pumu wabebe dawa zao mkononi, si kwenye buti la gari. Kila mtu awe na maji lita mbili.

CHAKULA NA VYOMBO

Pikeni nyumbani. Viazi vitamu, ndizi, chapati, mayai ya kuchemsha na njugu havimwagiki wala haviharibiki haraka. Kuku akipikwa usiku, aliwe mapema.

Kumbukeni sheria: tangu tarehe 5 Juni 2020, ni marufuku kuingia mbugani na plastiki za kutumia mara moja na kutupa, kama zile chupa za maji ya dukani, mirija, na vikombe na sahani za kutupa. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017. Maji yawe kwenye jerikeni safi au chupa za kudumu, vikombe viwe vya bati, chakula kiwe kwenye hotipoti au kapu. Takataka zote mrudi nazo.

SIKU YENYEWE

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Ratiba yenu inaweza kuwa hivi:

Saa kumi na moja asubuhi: kuondoka Kisii. Hesabuni watu.
Saa mbili: kufika langoni, malipo, choo.
Saa mbili na nusu hadi saa tano: kuzunguka. Asubuhi wanyama huonekana zaidi, jua likiwaka hujificha.
Saa sita: chakula, mahali paliporuhusiwa tu.
Saa saba: kuzungumza na askari wa mbuga. Maswali yenu yaulizwe hapa. Ombeni nafasi hii kwa barua wiki tatu kabla.
Saa nane na nusu: kuzunguka mara ya mwisho, kisha kutoka.
Saa kumi: safari ya kurudi, ili mfike Kisii kabla ya giza kuingia sana.

Mkiomba askari wa kuwaongoza, mtaona zaidi. Macho ya mgeni hupita juu ya nyasi, lakini yake huona sikio.

Wekeni wazi sheria hizi kabla ya kuondoka: hakuna kushuka garini ila mahali paliporuhusiwa, maana kifaru na nyati si wa mchezo. Hakuna kupiga kelele wala honi. Hakuna kulisha nyani. Hakuna pombe. Na hakuna kuokota chochote, iwe pembe, nyoya au mche.

Tena msiweke moyo wote kwa korongo. Wanyama wachache hivyo katika kilomita 120 za mraba, huenda msiwaone. Msipowaona, hilo nalo ni somo. Hivyo ndivyo kuisha kunavyoonekana: mnazunguka siku nzima mkitafuta kitu ambacho babu zenu wangekiona bila kukitafuta.

MKISHARUDI: KORONGO WA KWETU

Safari haijaisha mpaka ripoti isomwe. Fanyeni mkutano ndani ya wiki mbili. Mweka hazina asome mapato na matumizi yote, risiti ziwe mezani, na kilichobaki kijulikane kinaenda wapi. Halafu wale waliopewa maswali wasome majibu. Mwishowe, chagueni jambo moja la kufanya hapa nyumbani. Moja tu, lakini liwe na jina la mtu na tarehe.

Sisi tunalo la kupendekeza. Katika Kiswahili neno korongo lina mnyama wa pili. Ni yule ndege mrefu mwenye taji la rangi ya dhahabu kichwani, ambaye wenzetu wa Uganda wamemweka katika bendera yao. Huyo hatuhitaji kukodi gari. Wengi wetu tulikua tukimwona akicheza katika mabwawa na majaruba ya Kisii na Nyamira. Tangu mwaka 2012 naye amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kuisha.

Korongo huyu hujenga kiota ndani ya bwawa lenye nyasi na hutaga mayai mawili au matatu. Bwawa likikaushwa, hana mahali pa kutagia. Na mabwawa yetu tunayafanyaje? Huyu anachimba udongo wa matofali. Huyu anapanda mikaratusi, inayokunywa maji mchana na usiku. Huyu anasogeza sukuma wiki hadi mtoni kabisa. Mwingine anamchukua kifaranga kumfuga nyumbani, jambo ambalo bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Kila mmoja anachukua kidogo. Je, hiyo si hadithi ya Ruma tena?

Na hasara si ya ndege peke yake. Bwawa hushika maji ya masika na kuyaachilia pole pole. Likiondoka, chemchemi iliyo chini yake hukauka Januari, na mama ndiye anayetembea mbali zaidi na mtungi. Kwa hivyo kikundi kinaweza kufanya haya:

- Kuacha ukanda wa mto bila kulima. Sheria inataka usipungue mita 6 kutoka ukingoni.
- Kung'oa mikaratusi karibu na chemchemi, kwa makubaliano na mwenye shamba, na kupanda mikuyu, mianzi na miti mingine ya kienyeji.
- Kuacha sehemu moja ya bwawa iwe ya nyasi, isikanyagwe miezi ya mvua wakati ndege wanapotaga.
- Kuwahesabu korongo wa kijiji mara mbili kwa mwaka na kuandika idadi katika kitabu.

Kaunti ya Homa Bay ina korongo wa mwisho wa Kenya, na sasa serikali inatumia pesa nyingi na askari wengi kuwalinda. Sisi wa kwetu bado tunaweza kuwalinda kwa jembe na azimio la mkutano. Afadhali tuanze wakati wangali wanahesabika kwa makumi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni wanyama na ndege gani walioonekana hapa wazee wetu walipokuwa watoto, na leo hawaonekani? Waliondokaje?
2. Tukienda Ruma, ni maswali gani matatu tungetaka yajibiwe?
3. Tukianza kuchangia wiki hii, kila mtu anaweza kutoa shilingi ngapi bila kugusa chakula wala karo?
4. Mwanachama akijitoa mwishoni, tutafanyaje? Azimio letu ni lipi?
5. Bwawa la kijiji chetu liko katika hali gani leo, na nani atakwenda kulitazama kabla ya mkutano ujao?